Suti ya Bwana Mfumo na Kanuni za Sare

Bwana Mfumo alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa soko, akasoma, akacheka peke yake. Mtu mwenye watoto akimwona kijana mtanashati anachekeana na ubao, afadhali ashike mkoba wake kwa mikono miwili na awaite watoto warudi ndani. Lakini asubuhi ile kila mtu alikuwa na shughuli zake, na hakuna aliyemtazama.

Tangazo lilihusu chumba cha pembeni. Hicho ndicho chumba bora kuliko vyote sokoni: kina milango miwili, kinatazama barabara mbili, na mvua ikinyesha hakivuji. Aliyekuwa nacho alihama, na tangu siku hiyo Meneja wa soko hakula kwa amani. Vinyozi walikitaka. Maseremala walikitaka. Mafundi simu walikitaka, na mafundi cherehani, ambao walikuwa wanashonea barazani na kukimbia na vitambaa kila wingu likitanda, walikitaka kuliko wote. Watu wasiomjua Meneja wakaanza kumwita shemeji. Mwingine alimwita baba mdogo, na alikuwa amemzidi umri.

Basi Meneja akaandika hivi: chumba kitagombewa kwa drafti. Timu nne, wachezaji watatu kila timu. Kila timu itakutana na kila timu, mbili za juu zitasonga mbele kuingia fainali, na bingwa anakabidhiwa ufunguo. Chini kabisa aliongeza kwa herufi kubwa: ALAMA ZITAJUMLISHWA NA KOMPYUTA, MAANA KOMPYUTA HAINA SHEMEJI.

"Kweli haina," Bwana Mfumo aliuambia ubao. "Lakini ina mtu wa kuijaza."

Jina lake halisi lilikuwepo, mama yake alimpa, ila watu walishalisahau. Walimwita hivyo kwa sababu kila jambo likiharibika yeye alisema tatizo ni mfumo. Umeme ukikatika, mfumo. Akichelewa, mfumo. Aliwahi kuwauzia wapangaji wa ghorofa zima huduma ya kuongeza nguvu ya maji bombani kwa kutumia simu, na maji yalipozidi kukata akawaeleza kwa huruma kwamba mabomba yao hayajajiunga na mfumo. Wakamshukuru. Ulimi wake ulikuwa umepakwa mafuta, na masikio ya watu nayo yalikuwa wazi kama milango ya duka.

Akaingia ofisini kwa Meneja, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Bosi, nimesoma tangazo. Umefanya jambo kubwa. Ila programu ya mashindano unayo?"

"Nina laptopu."

"Laptopu ni sufuria, bosi. Nauliza mboga."

Meneja akajikuna. Alikuwa ameandika neno kompyuta kwa sababu linatisha watu, hakuwa amefikiria zaidi ya hapo. "Wewe unaweza?"

"Bosi, mimi nimelala na programu, nimeamka na programu. Nitakuwekea ratiba, pointi, kanuni za kusonga mbele, kila kitu kitaonekana ukutani kwa projekta. Wewe utakaa tu na tai yako. Na sitaki hata senti."

Hapo ndipo Meneja alipopaswa kushtuka. Mtu anayefanya kazi ngumu bila kutaka chochote, huyo ameshajua atachukulia wapi. Lakini Meneja alisikia "utakaa tu", akafurahi, akamkabidhi laptopu na neno la siri.

Sasa tuseme ukweli wa kijana. Bwana Mfumo alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na mama, nesi mstaafu mwenye miwani na msimamo. Mama mkwe mtarajiwa huyo alishasema: "Simtoi binti yangu kwenda kwenye nyumba yenye redio na godoro la chini. Nataka nione kitanda cha mbao ngumu. Nataka nione mwanamume aliyevaa suti yake mwenyewe. Nitakuja kukagua." Na alipangiwa kuja siku ileile ya mashindano, aone kwanza jinsi mkwe wake anavyoheshimika mjini, kisha apelekwe nyumbani akakae kwenye kitanda. Kitanda chenyewe hakikuwepo. Suti haikuwepo.

Programu ilikuwa ya kawaida, inauliza maswali kama karani. Ushindi pointi ngapi? Bwana Mfumo akajaza tatu. Sare? Moja. Kushindwa? Sifuri. Timu ngapi zisonge mbele? Mbili. Kisha ikauliza: timu zikilingana pointi, kitazamwe nini kwanza? Na chini yake ikaweka vipengele vinavyoweza kuvutwa kwa kidole, hiki kikapanda juu, kile kikashuka.

Alipoona vile vipengele vinapanda na kushuka, aliona kitanda.

Akaanza na maseremala. Nahodha wao aliitwa Mzee Randa, mtu wa maneno machache na kope zenye vumbi la mbao. Bwana Mfumo akaweka laptopu juu ya meza yake ya kazi.

"Mzee wangu, ninyi mnachezaje drafti?"

"Polepole. Kete hatutoi hovyo."

"Safi. Sasa tazama hapa. Timu zikilingana, mfumo unaangalia kipengele cha kwanza. Naweka hiki: timu iliyobakiza kete nyingi. Nakivuta. Umeona? Kimepanda. Hapo huna mpinzani."

"Huu si wizi?"

"Mzee wangu! Wizi ni kubadilisha matokeo. Hii ni kanuni. Mtu akiiba kwa kanuni, anaitwa mratibu." Akashusha sauti. "Na msihangaike kushinda. Ukitaka kushinda lazima ufungue ulinzi, ukifungua unaliwa. Tokeni sare tu, sare, sare, mfumo utamalizia."

Mzee Randa akatafuna penseli. "Unataka nini?"

"Pesa sitaki, pesa ni rushwa. Ila nina kitanda moyoni."

Akaenda kwa vinyozi. Vinyozi hucheza upesi huku wanapiga soga, kwa hiyo akavuta juu kipengele cha muda: timu iliyotumia dakika chache. Wakampa mashine ya kunyolea. Akaenda kwa mafundi simu, ambao hupenda kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao na kupewa mamlaka, kuliko kushinda. Akavuta juu kipengele cha kingi nyingi, wakampa simu inayong'aa kama kioo cha bibi harusi. Kila mmoja alionyeshwa kanuni yake ikiwa juu kabisa. Kila mmoja aliambiwa asimwambie mtu. Na kila mmoja, huyo akiondoka, ya kwake ilishushwa ili ya mwenzake ipande.

Mafundi cherehani aliwaacha mwisho, kwa sababu nahodha wao, ingawa hachezi, alikuwa Mama Sindano, na Mama Sindano alikuwa mwoga. Watu waoga ni rahisi kuwaibia, lakini huchukua muda mrefu kuuliza maswali.

Alimkuta barazani anakunja vitambaa haraka, macho yake kwenye wingu. Pembeni yake alikaa binti yake, ambaye wateja walimwita Kimya kwa sababu hazungumzi mpaka aulizwe mara mbili. Binti huyo alikuwa ametoka kumaliza mafunzo ya ushonaji. Mama yake alikuwa na wazo moja tu usiku na mchana: huyu mtoto asije akazeekea barazani kama mimi, anakimbizana na mvua na gauni la mtu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa suruali?"

"Nimekuja kwa chumba cha pembeni."

Mama Sindano akakaa. Bwana Mfumo akafungua laptopu, akaeleza kwa sauti ya daktari. Timu zikilingana, mfumo utaangalia nidhamu: timu isiyoonywa na mwamuzi. Na nani asiyejua kwamba mafundi cherehani ni watu wapole?

"Na tukishinda tu bila haya mambo?" Kimya akauliza, hata hakuangalia laptopu.

Bwana Mfumo akacheka kwa upendo. "Dada, kushinda ni kubahatisha. Mfumo haubahatishi."

"Nyamaza, mwanangu, watu wazima wanaongea," Mama Sindano akasema, na yeye hakuwa amewahi kumwambia mtoto yule anyamaze, maana hakukuwa na haja. "Kwa hiyo tutoke sare zote?"

"Zote, mama. Halafu mimi nina harusi mbele yangu. Suti nyeusi, vipande vitatu, si mbaya."

Akapimwa. Mabega, kifua, kiuno, mguu. Alisimama kwenye kigoda mikono imenyooka kama ndege anayetaka kuruka, akieleza jinsi soko litakavyomkumbuka. Hakuona kwamba Mama Sindano, mdomoni amebana pini, alikuwa anawaza.

Maana fundi wa siku nyingi ana desturi zake. Nguo inakatwa, kisha inashikizwa kwa bandi, yaani mishono mirefu mirefu ya mkono ya kujaribishia, ili mteja aivae, aonekane inapobana, inapolegea. Bandi ni ahadi, bado si nguo. Cherehani hupita mwisho, na Mama Sindano hakupitisha cherehani hata siku moja kabla mteja hajatimiza la kwake. Aliumizwa zamani na maharusi wengi.

Kwa hiyo Bwana Mfumo alipoifuata suti siku ya mashindano asubuhi, Mama Sindano alikuwa ameishikiza kwa uzi mweusi usioonekana, fundo moja tu, chini ya ukosi.

"Bado kidogo, mwanangu," alisema. "Haijapita..."

"Mama, inatosha! Tazama ilivyokaa!" Bwana Mfumo alikuwa anajigeuza mbele ya kioo. "Mama mkwe wangu yuko njiani. Usiiguse tena."

"Mimi nataka tu kukwambia..."

"Utaniambia ukiwa na ufunguo mkononi."

Mama Sindano akaweka uzi chini. Kijana mwenyewe kasema asiiguse.

* * *

Ukumbi wa soko ulijaa. Mbao za drafti zilipangwa kwenye meza tatu, laptopu ikawekwa kwenye meza ya mbele, na ukutani projekta ikaonyesha majina ya timu nne, pointi sifuri kwa wote. Meneja alivaa tai. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini, miwani ikipanda na kushuka kwenye ile suti.

"Karibuni kwenye haki!" Bwana Mfumo akasema kwenye kipaza sauti. "Leo hakuna anayejuana na mtu. Leo anaongea mfumo!"

Watu wakapiga makofi. Michezo ikaanza.

Jambo la kwanza watazamaji waliloona ni adabu. Hawakuwahi kuona drafti ya adabu namna ile. Kinyozi alimwachia seremala njia. Seremala akarudi nyuma. Kinyozi naye, asije akaonekana mkorofi, akarudi. Fundi simu alipata kingi mapema, akaanza kuihamisha pembe hii, pembe ile, pembe hii, kama mtu aliyepoteza funguo nyumbani kwake.

"Kula hiyo, imeachwa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Sina njaa," fundi simu akajibu.

Sare. Sare. Sare. Ukutani kila timu ikapata pointi moja.

Mzunguko wa pili ukawa mbaya zaidi. Vinyozi walikuwa wameambiwa wawahi kumaliza, kwa hiyo walikuwa wanaomba sare kabla hawajakaa vizuri. "Sare?" "Sare." "Asante, kaka." "Hamna neno, kaka." Mama mmoja aliyekuja na watoto wake aliwafunga lesi za viatu, akasema anaenda nyumbani kuangalia nguo zinavyokauka, huko kuna ushindani zaidi. Meneja akamwinamia Bwana Mfumo.

"Hii ndiyo drafti?"

"Bosi, hicho ni kiwango. Timu zikiwa na kiwango sawa, mnatoka sare. Mfumo umewanyoosha."

Kwenye meza ya kwanza, Kimya alikuwa anateseka. Mchezo wa kwanza aliiona kete ya kula, mkono ukaenda, mama yake akakohoa. Mkono ukarudi. Mchezo wa pili aliona njia ya kula tatu kwa mpigo, mama akakohoa mpaka akaletewa maji. Wenzake wawili kwenye timu, mpiga pasi na mtu wa vifungo, hawakuwa na shida, maana wao hata bila kanuni walikuwa wanashukuru kutoka sare.

Kabla ya mzunguko wa mwisho binti alimvuta mama yake kando, karibu na mlango.

"Mama, wote wanacheza sare."

"Vizuri. Tunalingana."

"Mama, wote. Vinyozi wanaomba sare. Mzee Randa anaomba sare. Kwa nini Mzee Randa anaomba sare, yeye ambaye hujawahi kumsikia akiomba hata msumari?"

Mama Sindano akatazama ukumbi. Akawatazama vinyozi, waliokaa wanatabasamu kama watu wenye siri. Akawatazama mafundi simu, wanatabasamu. Akamtazama Mzee Randa, ambaye hakuwa na desturi ya kutabasamu, na ambaye alikuwa anajitahidi.

"Amewauzia wote," akasema polepole.

"Kilekile alichokuuzia wewe."

"Basi tufanyeje? Nikiongea, nitaulizwa mimi nimejuaje."

"Usikohoe tu, mama. Hilo tu."

Ni jambo dogo kuambiwa usikohoe. Lakini mama mwenye hofu akibana kikohozi, kinamzunguka kifuani kama paka kwenye gunia. Akikosa kukohoa, mtoto anafungua ulinzi. Akifungua, anaweza kuliwa. Akiliwa, chumba kimekwenda, na baraza inawasubiri na mawingu yake. Mama Sindano alikaa, akaweka kiganja mdomoni.

Mchezo wa mwisho ulikuwa dhidi ya maseremala, Kimya akakutana na Mzee Randa mwenyewe.

"Tumalize, mwanangu?" Mzee Randa akamuuliza mapema, kwa upole. "Sare?"

"Cheza, babu."

Binti akasukuma kete moja mbele, peke yake, imeachwa wazi. Mzee Randa akaitazama kwa mashaka. Kanuni ya drafti, ambayo siku nzima hakuna aliyeidai, ni kwamba kete ikiachwa lazima uile, hata kama umetoa kitanda kizima ili usile, na binti aliidai kwa kidole. Akaila. Akaachiwa nyingine. Akaila nayo, jasho likimtoka, maana hakutaka. Nyuma, Mama Sindano uso ulikuwa umevimba kwa kikohozi. Kimya akaachia ya tatu. Kisha mkono wake ukanyanyuka, ukashuka, ukanyanyuka, ukashuka, ta, ta, ta, ta, na ubao wa Mzee Randa ukabaki kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Ukumbi ukalipuka. Mpaka yule mama wa lesi, aliyefika mlangoni tu, akarudi ndani. Meza mbili zilizobaki zilitoka sare kama kawaida, lakini ubao mmoja ulitosha: timu ya cherehani imeshinda. Ukutani majina yakajipanga. Cherehani tano. Vinyozi tatu, mafundi simu tatu. Maseremala, mbili, chini kabisa.

Mama Sindano alikohoa vyote kwa pamoja.

* * *

Mzee Randa alisimama. Aliitazama tu suti ya Bwana Mfumo, kisha akatengeneza kwa mikono yake umbo la kitanda hewani, kisha akalivunja.

Bwana Mfumo alielewa. Kitanda kilishapelekwa nyumbani kwake asubuhi ile, kinamsubiri mama mkwe, na maseremala wanajua njia. Akamtazama mama mkwe kwenye mstari wa mbele. Akavuta pumzi, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuna marekebisho madogo ya kimfumo."

Akabonyeza. Kwa kuwa alikuwa na haraka alisahau kitu kimoja: projekta haikuzimwa. Ukumbi mzima ukaona mshale mdogo mweupe unatembea ukutani, unafungua ukurasa wa pointi. Ushindi, tatu. Mshale ukafuta, ukaandika moja. Sare, moja. Kushindwa, sifuri. Mshale ukafuta, ukaandika moja.

"Hee!" mtu akasema. "Kushindwa nako kuna pointi?"

"Pointi ya kushiriki," Bwana Mfumo akajibu bila kugeuka. "Ya kutia moyo."

Sasa wote walikuwa na pointi tatu. Wamelingana, kwa hiyo mshale ukashika kipengele kimoja, ukakivuta juu kuliko vyote: kete zilizobaki kwenye mbao zote za siku nzima. Maseremala wakapanda kutoka chini mpaka juu kabisa. Mafundi simu wa pili. Na timu ya cherehani, iliyotoa kete ili ishinde, ikateremka mbele ya macho ya watu, ngazi moja, ngazi mbili, mpaka nafasi ya tatu, chini ya mstari wa kusonga mbele.

Vinyozi wakasema, "Na dakika zetu je?" kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa zuri kwenye biashara ya Bwana Mfumo. Hakuna aliyeweza kumshtaki bila kujishtaki. Walikaa wamejaa hasira kama mitungi, kila mtu na kifuniko chake.

Mama Sindano alikuwa ameitwa mbele pamoja na manahodha wengine, amesimama nyuma kidogo ya kiti cha Bwana Mfumo. Aliliona jina la timu ya mwanawe linavyoshuka. Mbele ya macho yake, chini ya ukosi mweusi, kulikuwa na fundo moja.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "umeshikwa na kauzi."

"Kaondoe, mama, niko kazini."

Aliruhusiwa. Akakavuta.

Kwanza ilisikika sauti ndogo, trrrrr, kama mtu anafungua zipu mbali. Mgongo wa koti ukafunguka kutoka ukosi mpaka chini. Bwana Mfumo akageuka kuona ni nini, na kwa kugeuka, mkono wa kulia wa koti ukabaki ulipokuwa. Akaunyoosha wa kushoto kuudaka, wa kushoto nao ukaaga. Kizibao kikawa vizibao viwili. Akainama kuokota, na suruali, ambayo nayo ilishikwa kwa ahadi tu, haikuwa tayari kwa jambo zito kama kuinama.

Mtu hana mikono minne. Bwana Mfumo aliiacha laptopu, akashika alichoweza, mbele na nyuma, akabaki amesimama kama mtu anayejibeba mwenyewe.

"Tatizo ni..." akaanza.

"MFUMO!" ukumbi ukamalizia.

Ndipo Meneja wa soko, aliyekaa siku nzima na tai yake, alipoinuka na kuikaribia laptopu yake mwenyewe kama mtu anayekaribia mbwa wa jirani. Akanyoosha kidole kimoja.

"Jamani, ushindi ulikuwa pointi ngapi?"

"TATU!"

"Sare?"

"MOJA!"

"Kushindwa?"

"SIFURI!" na waliopaza sauti kuliko wote walikuwa vinyozi, waliogundua ghafla kwamba wanapenda haki.

Majina ukutani yakajipanga upya. Cherehani juu.

Fainali waliicheza jioni hiyohiyo dhidi ya mafundi simu, na alama ziliandikwa kwa chaki ukutani, laptopu imefungwa. Mafundi simu waliipigania kwa meno, maana sasa hakukuwa na wa kuwamalizia. Mpiga pasi alishindwa. Kimya alishinda. Ikabaki meza ya mtu wa vifungo, ambaye alifumba macho, akala kete nne kwa mkupuo, na mpaka leo hajui ilikuwaje. Mama Sindano alipokabidhiwa ufunguo aliushika kwa mikono miwili, kisha akaugawa hapohapo, maana aliuweka kwenye kiganja cha binti yake na kukifunga.

"Sikukohoa," alimwambia.

"Nilisikia," Kimya akasema.

* * *

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa kumaliza alichoanza. Alisema atakagua nyumba, akaenda kukagua nyumba. Alimkuta Bwana Mfumo amejifunga shuka, anampigia mtu kwa ile simu inayong'aa, na simu haipigi, kwa sababu ndani yake mafundi simu walikuwa wametia udongo ili iwe na uzito. Mashine ya kunyolea ilikuwa mezani. Hiyo ilikuwa inawaka, lakini ilikuwa inang'oa.

"Mama, yale ya ukumbini ni wivu wa watu. Wewe tazama kitanda. Mninga mtupu. Kaa, mama, kaa."

Mama mkwe akakitazama kitanda. Kilikuwa kizuri kweli, kimechongwa maua kichwani. Akakaa.

Mzee Randa naye alikuwa na desturi zake. Kitanda ambacho mteja wake hajatimiza ahadi hakitiwi gundi. Mbao ziliachana bila ugomvi, moja huku, moja kule, na nesi mstaafu akateremka taratibu hadi sakafuni, mkoba bado uko magotini.

Alirekebisha miwani akiwa hukohuko chini.

"Nguo imeachia," alisema. "Kitanda kimeachia. Na binti yangu naye ameachia. Nishike mkono niinuke."

Alimnyooshea mkono, na shuka ikaanguka.

* * *

Mkipita sokoni leo mtakuta chumba cha pembeni kina cherehani mbili, moja kila mlango, na ukutani kuna kamba ndefu ambapo nguo za wateja zinangoja kwa zamu. Mvua ikinyesha, Mama Sindano bado hushtuka na kushika vitambaa, kisha hukumbuka, akavirudisha.

Bwana Mfumo aliwajia siku moja na mfuko. Ndani yake kulikuwa na suti nyeusi, vipande kama kumi na kitu. Alikuwa amepata kazi mji wa jirani, alisema, wanataka mtu wa kupanga alama za mashindano ya kwaya, na kwaya zinamtaka mtu aliyevaa vizuri.

"Shikamoo, mama. Yaliyopita yamepita. Naomba tu upitishe cherehani."

"Marahaba, mwanangu. Hamna shida." Akavitundika vipande kwenye kamba, vya kwanza kabisa, karibu na cherehani. "Unaona? Wewe ndiye wa kwanza."

Akaondoka amefurahi. Akarudi wiki iliyofuata, akaikuta suti yake ya kwanza. Akarudi tena, ya kwanza. Hakuelewa kwa nini mshono hauanzi, na kila akiuliza, Mama Sindano hujibu kwa upole kwamba foleni ina kanuni zake.

Akishatoka mlango mmoja, Kimya huinuka kwenye kiti chake, hushika suti iliyo ya kwanza kwenye kamba, na kwa kidole kimoja huivuta taratibu hadi mwisho.